Siri Hii Itakufa Nami

Jumatatu, 20 Septemba 2010

Kiti kiko wazi. Leo nimekipitia mara nyingi kuliko haja. Ni kiti cha kuzunguka, cha Mzee Mjaka, mkuu wa kituo chetu cha kununulia mwani hapa Konde. Mzee kastaafu baada ya Idi, kaondoka na chupa yake ya chai, miwani yake na kalenda yake ya ukutani. Kiti kakiacha. Nimekikalia kidogo, kukipima tu. Kinanitosha.

Tunaokitaka ni wawili. Mimi, Nabhan, karani wa ofisi, mwenye kompyuta. Na Talib Ame, mtunza ghala, mwenye mizani. Babu yangu alikuwa na mashamba ya mikarafuu usiyoweza kuyamaliza kwa miguu, na alikuwa na karani wa kumwandikia. Leo karani ni mimi. Basi imetosha, zamu yangu imefika. Mwaka huu hata vyama vimekubaliana kukaa serikali moja, lakini mimi na Talib chumba kimoja kinatushinda. Yeye mwenyewe hasemi kitu. Anaingia, anasalimu, anapima magunia, anakwenda zake. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Mwenye kampuni, Bwana Sameer, yuko Unguja. Wiki ijayo atavuka kuja kupatana bei mpya na kinamama wakulima wa mwani wa Kiuyu. Baada ya kikao ndipo atamtaja mkuu mpya wa kituo. Kwa hiyo nina wiki moja ya kuonekana.

Silaha yangu ni imeli. Talib imeli haijui. Mimi si kuijua tu, nimeifanyia na ufundi. Anwani ya Bwana Sameer ni ndefu, ina nukta na vistari, ukikosea kimoja barua inakurudia. Basi siku ya Idi nilituma salamu moja kwa watu wote: jamaa zangu wa Maskati, Dubai, Mombasa na Dar es Salaam, na watoto wa nusu ya Kiuyu walioko nje, ambao mama zao huja ofisini kuniomba niwafikishie salamu. Bwana Sameer nikamtia humo humo, kwa heshima. Tangu siku hiyo nikitaka kumwandikia naifungua salamu ile ile, nabonyeza kujibu wote, nafuta salamu, naandika mambo ya kazi. Nikibonyeza kujibu mmoja barua inanijia mwenyewe. Nikibonyeza wote Bwana Sameer anaipata. Jamaa hawahusiki, kwa sababu salamu zao nimeshazifuta.

Sina raha lakini. Nakaa, nasimama. Badriya mke wangu kaniuliza kama nina chawa.

Jumanne, 21 Septemba

Bwana Sameer kaniamini! Barua yake imefika asubuhi. Kaeleza mambo mazito. Kwanza, bei ya kuanzia, ambayo tutawatajia kinamama wa Kiuyu. Ni ndogo, hata mimi nilikunja uso. Pili, bei ya mwisho, ambayo kampuni iko tayari kufika ikibanwa kabisa. Ni kubwa, karibu mara mbili. Kuna mnunuzi wa nje ana haraka na mzigo, ndiyo sababu. Kisha kaandika kwamba tusiwe na wasiwasi, kwani kinamama wa Kiuyu ni watu wa kulalamika asubuhi na kukubali mchana. Mwisho: haya tunayajua mimi na wewe tu, Talib asiyasikie.

Nimeisoma kwa kusimama. Kisha nikamjibu kwa ile njia yangu: "Bwana Sameer, nimepokea. Siri hii itakufa nami." Maneno mazuri sana. Barua yake nimeiacha nzima nzima chini ya maneno yangu, sikuikata hata nukta. Kukata maneno ya mkubwa ni utovu wa adabu.

Juu kabisa barua inajiita "Salamu za Idi na mkono wa baraka", kwa kuwa ndivyo ilivyozaliwa. Bwana Sameer aliwahi kuniuliza kwa nini ripoti zangu zote zina jina hilo. Nilimjibu kwamba ni kuwachanganya maadui. Akajibu: vizuri.

Mchana nimemwendea Talib ghalani, nikaegemea mlango, nikashusha pumzi. Nikamwambia kuna mambo mtu anayabeba na hawezi kuyasema. Kaniambia basi nisiyaseme, akaendelea kushona gunia. Hakuuliza chochote. Nimekereka mpaka chai imenishinda.

Alkhamisi, 23 Septemba

Ajabu ya siku mbili hizi! Watu wananipenda.

Jana mwanamke nisiyemjua kanisimamisha sokoni, kanipa changu watatu wabichi, kasema wametoka Kiuyu na niwale kwa afya. Leo ofisini nimekuta kuku kafungwa miguu, na boga, na kifurushi cha karatasi chenye halua. Kondakta wa gari ya Wete kakataa nauli yangu, kasema mama yake kamwambia. Nikamuuliza kamwambia nini. Kacheka, kanifunga mlango vizuri.

Nimeelewa. Habari zimeshafika kwamba kiti ni changu. Watu wa vijijini wana pua.

Jioni binamu yangu Abeer kapiga simu kutoka Maskati, kasema na Badriya muda mrefu sana, wakicheka. Baadaye Badriya kaanza kunieleza jambo alilosema Abeer kuhusu barua zangu. Nikamkatiza palepale. Mambo ya ofisi hayaingii jikoni. Kaniangalia kidogo, kasema sawa, karudi kwa kuku wake. Naona kaona ukali wa uongozi.

Ijumaa, 24 Septemba

Balaa.

Bwana Sameer kapiga simu kabla sijavaa kanzu ya msikitini. Sauti kali. Kasema Bi Kijakazi, mwenyekiti wa kinamama wa mwani wa Kiuyu, kamtumia ujumbe kwamba hawatauza chini ya bei fulani. Kaitaja. Ni ile ile bei yetu ya mwisho, haikupungua wala haikuzidi. Kaniuliza imewafikiaje.

Nikamwapia kwamba mdomo wangu haukufunguka, na ni kweli, haukufunguka. Basi akili ikaja yenyewe. Nikamwambia kompyuta iko chumba ambacho Talib naye anaingia kuchukua stakabadhi za ghala. Nikaliacha neno liive.

Bwana Sameer kafikiri. Kisha kasema: nimtafutie ushahidi kabla ya kikao cha Jumatano. Nikimshika mvujishaji, kiti changu. Nisipomshika, nitajieleza mwenyewe, maana siri alinipa mimi.

Nilikwenda kusali. Hotuba yote ilikuwa juu ya amana. Nimegeuka nimtazame Talib kama inamchoma. Alikuwa amefumba macho, mnafiki.

Jumamosi, 25 Septemba

Mtego wa kwanza: unga.

Nimechukua unga wa ngano jikoni, nikaupepeta kwa chujio la chai juu ya kibodi, utando mwembamba hata huuoni. Mtu akigusa, vidole vitakuwa vyeupe. Nikatoka nje, nikajificha nyuma ya magunia. Kusubiri si kazi yangu. Nikaingia kuona kama unga umetulia. Nikatoka. Nikaingia tena. Kisha nikakumbuka kwamba Bwana Sameer huenda kaniandikia, nikafungua imeli, nikasoma, nikajikuna ndevu, nikafuta jasho.

Nilikwenda sokoni kununua betri. Watu wananitazama. Muuza vitunguu kaniuliza kama siku hizi napika maandazi. Talib kanikuta njiani, kanipa kitambaa chake. Nimekipokea kwa sababu ya watu.

Sasa herufi ya A inakwama. Na Badriya kasema unga ule ulikuwa wa sambusa za wageni, na kwamba mwanamume mzima akichukua unga jikoni aombe kwa adabu.

Jumapili, 26 Septemba

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na mtego wa pili. Huu ni wa kisomi.

Nimetunga barua ya uongo: kwamba kampuni inaiacha Kiuyu na kuanzia mwezi ujao itanunua mwani wake wote upande wa Mkoani. Nimeichapisha, nitaiacha mezani, kama imesahauliwa. Habari hii haipo popote duniani ila kwenye karatasi hiyo. Ikisikika Kiuyu, basi Talib kaisoma.

Kwanza lakini nilitaka ruhusa ya Bwana Sameer. Nimemwandikia kwa kirefu, nikaeleza kila kitu: barua ni ya uongo, itakuwa mezani, shabaha ni Talib, yeyote asishtuke akisikia habari za Mkoani. Nikaambatisha na ile barua yenyewe ya uongo ili aihakiki. Nikafungua salamu ya Idi, nikajibu wote, nikafuta nilichofuta, nikatuma. Jibu limekuja mara moja: endelea, kazi nzuri, usimwambie mtu.

Nimetembea kutoka mlangoni hadi dirishani mpaka nimechoka miguu. Raha ilioje kuwa na akili.

Jumatatu, 27 Septemba

Barua ilikuwa mezani tangu asubuhi, imekaa upande upande, kama imesahauliwa. Nimejificha.

Talib kaja. Kasimama nje ya mlango. Hakuingia! Kapiga hodi, kaniita kwa jina kule nilikojificha nyuma ya kabati, kaniomba nimpe stakabadhi zake kupitia dirishani. Nimemuuliza kwa nini haingii. Kasema kasikia kuna karatasi imewekwa mezani, naye hataki jicho lake liiangukie. Nani kamwambia? Kasema shangazi yake wa Kiuyu, ambaye kapigiwa simu na bintiye wa Dubai.

Mtu huyu ana wapelelezi mpaka Dubai.

Mchana nimepita penye banda la kahawa. Wote walikuwa wakimpa Talib pole ya mtego. Mmoja kamuuliza kama keshanasa au bado, na Talib kasema bado, anasubiri aitwe. Wakacheka. Niliposogea wakanisogezea kiti na kikombe, wakaniuliza habari za afya ya siri zangu. Sikupenda.

Lakini nimekaa nikafikiri, na mambo yamejipanga. Mtego nilimwambia Bwana Sameer peke yake. Talib kaujua. Basi Talib anasoma barua zangu kabla hata hazijafika! Ushahidi gani mwengine unatakiwa? Nimemwandikia Bwana Sameer mara moja: nimemshika, ana mtandao unaofika Ghuba. Kajibu kwamba nimtaje kikaoni mbele ya watu wote, asipate pa kukanushia.

Jumanne, 28 Septemba

Sikai chini. Nimepiga pasi kanzu, nikaivua, nikaipiga tena. Nimeisema hotuba yangu mbele ya kioo. Kipande cha kumshika Talib nimekiweka katikati, baada ya dua na kabla ya shukrani.

Leo Badriya kaniuliza, taratibu, kama nimewahi kuangalia sehemu ya juu ya barua zangu, pale penye majina. Nimemwambia juu ni kwa mashine, kazi yangu mimi ni katikati. Kasema haya. Kaniuliza kama nina uhakika na jambo la Talib, maana huyo ni mtu na watoto wake, na jina likichafuka halifuliki. Nikamwambia uongozi unataka moyo mgumu. Chakula cha usiku kilikuwa muhogo bila kitoweo, na kuku tulikuwa naye.

Jumatano, 29 Septemba

Nitaandika yote.

Bwana Sameer kashuka Mkoani asubuhi, gari ikampeleka mpaka Kiuyu. Kikao kilikuwa ndani ya banda la kukaushia mwani. Kinamama wamejaa, mikeka imetandikwa. Talib kakaa karibu na mlango. Mimi mbele, pembeni ya Bwana Sameer, kama nilivyostahiki.

Dua ikasomwa. Bwana Sameer akanipa ishara. Nikasimama. Nikasema kampuni imesalitiwa. Nikasema siri za ofisi zimetoka, na aliyezitoa anakula chumvi yetu. Nikanyoosha kidole. Nikamtaja Talib Ame kwa jina lake na la baba yake.

Talib hakuinuka. Katazama chini tu, na nikaona mshipa wa shingo unampiga. Kusema kweli wakati huo ndipo nilipotaka kukaa, lakini nilikuwa nimeshasimama.

Akasimama Bi Kijakazi. Mwanamke mkubwa, mikono imebabuka kwa maji ya chumvi. Akamkaribisha Bwana Sameer, akamuuliza habari za safari, za watoto, za bahari. Kisha akasema, nayanakili kama yalivyo:

"Bwana Sameer, huyu Talib mwacheni, hana alitendalo. Alotwambia ni huyu mwanetu Nabhan, Mngu amzidishie. Kila barua yake twaipata. Mwanangu yuko Dubai, hunipigia simu akanisomea neno kwa neno. Na wenzangu nao hivyo hivyo, kila mtu kwa mwanawe. Tokea Idi hajaturuka hata siku moja. Twamshukuru mbele yenu."

Kinamama wote wakaitikia amin. Wengine walinitazama kwa mapenzi ya kweli. Hilo ndilo baya zaidi. Hawakuwa wakinikejeli, walikuwa wakinishukuru!

Bwana Sameer akageuka polepole. Akauliza barua gani. Bi Kijakazi akasema zote: ya bei ya kuanzia na ya mwisho, ya mtego, ya Mkoani, ya mtandao wa Ghuba. Akasema ile ya siri itakufa nami walisomewa mara kadhaa, maana ina maneno mazuri. Bwana Sameer akafungua mdomo kunilaani. Bi Kijakazi akamuwahi, kwa upole kabisa:

"Na zako vilevile, Bwana Sameer. Wewe nawe ukijibu, twapata."

Alivyobadilika rangi sijapata kuona. Kumbe naye alikuwa akibonyeza kujibu wote! Mtu na kampuni yake.

Wakati huo bibi mmoja wa nyuma, mdogo wa umbo, kainua mkono kama mwanafunzi wa skuli. Kauliza: sasa hivi ni asubuhi au mchana? Maana wao wanataka kujua kama ni saa ya kulalamika au saa ya kukubali. Banda likapasuka kwa kicheko. Bwana Sameer akavua kofia, akajipepea, akaivaa tena.

Bei imepatanwa. Ni ya mwisho. Haikuchukua muda, kwa kuwa hapakuwa na cha kupatana.

Alkhamisi, 30 Septemba

Kiti kapewa Talib.

Mimi Bwana Sameer kaniambia nipumzike. Nikamuuliza mpaka lini. Kasema ataniandikia. Kisha akajirudi, akasema hapana, hataniandikia. Hakupiga kelele. Hawezi, na majibu yake yako Maskati, Dubai na Mombasa. Lakini kanyoosha mkono, nikampa funguo za ofisi, naye akazipokea kwa ncha za vidole, kama dagaa aliyeoza.

Kabla sijatoka nilitakiwa kumwomba Talib radhi. Nilimkuta ghalani. Nilikuwa na maneno marefu, yakanipotea, nikasema nisamehe tu. Kaniambia yamekwisha. Kaniuliza hali ya Badriya na watoto. Kanisindikiza mpaka barabarani. Nimeona haya. Nimeona haya mpaka masikio yakawa moto, na njia nzima ya nyumbani nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Angenitukana ningelala.

Badriya hakunicheka. Kanipakulia wali na kuku, kakaa na mimi. Kasema ametaka kuniambia tokea wiki iliyopita. Nikamwambia najua. Tukala.

Nimefikiri sana juu ya chanzo cha yote haya. Chanzo ni Idi. Kama nisingewatumia watu salamu, hakuna ambacho kingetokea. Wema wangu ndio ulioniponza.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimeinuka tena! Kheri ilikuwa mlangoni.

Siku zote hizi nimekaa nyumbani, naingia natoka, natengeneza bawaba ambazo hazijaharibika. Leo asubuhi kaja Bi Kijakazi na kinamama watatu, na ndoo ya pweza. Kasema wameunda ushirika wa Kiuyu na vijiji jirani. Mnunuzi mwengine kutoka Tanga keshawatembelea, na Bwana Sameer naye anataka kurudi kupatana kwa msimu ujao. Wanahitaji katibu. Kasema wamekaa kikao wakafikiri watu wote wanaowajua, na kwa kazi waliyonayo hawakumuona anayenishinda mimi.

Nilikubali kabla hajamaliza. Katibu! Badriya alikuwa mlangoni na mikono yake ina unga. Kamtazama Bi Kijakazi, Bi Kijakazi kamtazama yeye, wakatabasamu. Wanawake wakipatana upesi hivyo ni dalili njema.

Kisha Bi Kijakazi kanipa siri ya kwanza ya ushirika: bei yao ya chini kabisa, ambayo chini yake watamuuzia mtu wa Tanga. Nilishtuka. Ni kubwa kuliko ile bei ya mwisho ya Bwana Sameer, na kwa mbali. Kairudia polepole, kama mwalimu wa chuo cha Kurani anayesomesha aya. Kaniuliza kama nimeishika. Nimeishika. Ajabu moja: hakuniambia nisimwambie mtu. Nimeona ni heshima. Mtu anayeaminika haambiwi.

Kabla hawajaondoka kaniuliza kama simu yangu ina pesa. Haikuwa nazo. Kanitilia vocha mwenyewe, kasema katibu asikae bila simu.

Niliingia ndani nikakaa. Nikasimama. Ilinijia sura ya Bwana Sameer akipokea zile funguo kwa ncha za vidole, na nikasema huyu lazima ajue kwamba Nabhan hakuanguka. Nikampigia. Nilikuwa makini sana, imeli sikuigusa. Nikamwambia mimi sasa ni katibu wa ushirika, na ninalo jambo kubwa mkononi ambalo siwezi kumwambia. Kisha kaniita ndugu yangu. Kasema siku zote alijua nina uwezo, na kama ningekuwa naye bado mambo yangekuwa mengine. Sauti laini, sijawahi kuisikia. Basi nikamdokezea. Nilimtajia bei tu, na mtu wa Tanga. Kaniuliza tena na tena kama nina hakika hawatashuka chini ya hapo. Nikamwambia nimeambiwa mimi peke yangu.

Nilipotoka nje niliwakuta kinamama bado wako barazani, kimya kabisa, hata ndoo wameishika isilie. Bi Kijakazi kaniuliza kama Bwana Sameer ameamini. Nikasema ameamini sana. Wakashikana mikono, mmoja kajifunika uso kwa kanga mabega yakimtikisika. Naona ni furaha ya kumpata katibu anayejulikana mpaka Unguja.

Sijapata kufanya kazi na watu wanaomthamini mtu namna hii. Nimejiapiza leo: siri za kinamama hawa nitazilinda kuliko nilivyozilinda za Bwana Sameer.